Mjadala: Askari aliyekufa mchezo wa kwanza arudi mezani mchezo wa pili?

Mtoa mada

Wakuu, salamu. Hoja hii huzuka kila wapenzi wa vita vya mezani wanapokutana, na mara nyingi huishia kwenye kelele. Naiweka hapa tuijadili kwa utulivu, ingawa msimamo wangu sitauficha.

Kwa asiyeujua mchezo: ni vita vinavyochezwa juu ya meza kwa vinyago vya askari, vya milimita 28 hivi, au 15 kwa wenye meza ndogo. Kuna nyumba, ua, mto na barabara. Kuna futi ya kupimia mwendo na dadu za kuamua nani kapigwa. Kwa kawaida mchezo ukiisha, kila kitu kinarudi kwenye kasha na hesabu inaanza upya. Kampeni, yaani mfululizo wa michezo inayofuatana, ni tofauti. Unapewa platuni moja, tuseme ya askari wa miguu wa Uingereza mwaka 1944: ofisa mmoja na watu 36, yaani seksheni tatu za watu kumi kumi, na makao ya platuni yenye mzinga mdogo wa mota wa inchi 2. Platuni hiyohiyo ndiyo unayokwenda nayo kutoka meza ya kwanza hadi ya mwisho. Anayepigwa anaandikwa daftarini.

Swali langu: aliyeandikwa kuwa amekufa abaki amekufa, au mchezo ujao asimamishwe tena mezani ili pande zote mbili zianze sawa?

Mimi nasema abaki. Sisemi hivyo kwa ajili ya uhalisia. Uhalisia juu ya meza ya mbao ni neno la kujisifia tu. Nasema hivyo kwa sababu kanuni hiyo inambadilisha mchezaji. Mwenye platuni inayojazwa upya huvuka uwanja mtupu zamu za mwisho akiwa na watu wanne, kwa kuwa hao wanne hawana kazi nyingine baada ya hapo. Mwenye platuni ya kudumu anapiga hesabu: nikilichukua lile daraja kwa kumpoteza mpigaji wa Bren, rashasha ya seksheni, na koplo wake, kijiji cha mbele nitakishambulia na nani? Basi anatupa moshi, anawatoa watu wake, anakubali kushindwa huku platuni bado ipo. Kwenye michezo ya mara moja sijamwona mtu akifanya hivyo.

Tena tunacheza vita vilivyopiganwa na watu. Katika jeshi la Marekani la Vita Kuu ya Pili, askari wa miguu walikuwa takriban asilimia 14 ya waliopelekwa ng'ambo, lakini walibeba takriban asilimia 70 ya hasara yote ya waliouawa na kujeruhiwa. Ukishawafufua wote kila baada ya mchezo, umecheza askari wa miguu wa namna gani?

Karibuni.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, umeandika vizuri ila umelipita kimyakimya tatizo linalomaliza kampeni nyingi kuliko yote. Anayepigwa mchezo wa kwanza anaingia wa pili akiwa pungufu. Kwa kuwa ni pungufu anapigwa tena. Kufika wa tatu ana watu ishirini, mwenzake ana platuni nzima na ari juu. Wa nne hauchezwi, ghafla mtu ana udhuru. Na si kwamba jamaa ana moyo mwepesi, ni kwamba matokeo anayajua kabla ya kutandika meza.

Mimi wafu nawarudisha. Wanarudi, tunacheza, tunacheka, kampeni inafika mwisho. Kampeni iliyokufa katikati haimfundishi mtu kitu.

Mchangiaji wa 2

Naongezea uzito upande wa aliyenitangulia, kwa historia.

Michezo hii haikuanza kama burudani. Kanuni ambazo luteni wa Prussia, von Reisswitz mdogo, alizichapisha mwaka 1824 zilikuwa na ramani ya kipimo cha 1:8000, dadu na mwamuzi, na zilikusudiwa kufunza maofisa. Lakini mfano ninaoutaka ni wa mwaka 1942. Jeshi la majini la Uingereza lilifungua Liverpool kitengo cha mbinu chini ya Kapteni Gilbert Roberts, kushughulikia manowari za Ujerumani zilizokuwa zikizamisha misafara ya meli za mizigo Atlantiki. Sakafu ya chumba ndiyo ilikuwa bahari. Wasichana wa jeshi la majini walisogeza meli za kuchezea na kuchora njia zake kwa chaki, huku maofisa wakichungulia kwenye matundu ya pazia ili waone kile tu ambacho wangekiona wakiwa melini.

Sasa angalia: meli iliyozamishwa kwenye ile sakafu ilielea tena mchezo uliofuata. Lazima ingeelea! Mbinu haijaribiwi mara moja. Unakosea, unafuta chaki, unarudia. Mtoa mada anatuambia kifo cha kudumu ndicho kinachofundisha, nami namwonyesha chuo cha vita kilichofundisha maelfu ya maofisa kwa kufuta chaki.

Mtoa mada

Huo mfano ni mzito, mkuu, na nimeufikiria kabla ya kujibu. Ila tazama waliokuwa nyuma ya lile pazia. Walitoka kwenye bahari yenyewe na walikuwa wanarudi bahari hiyohiyo. Woga walikuja nao mfukoni, hakuna aliyehitaji kanuni ya kuwatia woga. Kwao chaki kufutwa ilikuwa nafuu. Mimi na wewe tunakuja mezani bila woga wowote, na hakuna manowari inayotusubiri nje. Kisipowekwa kitu kwenye kanuni, hatuna kabisa cha kuogopa kupoteza, na uamuzi wa kamanda asiye na cha kupoteza si uamuzi.

Kwa mchangiaji wa 1: tatizo lako ni la kweli, lakini dawa yake si ufufuo. Hivi ndivyo tunavyocheza sisi. Mchezo ukiisha, kila kinyago kilichotolewa mezani kinarushiwa dadu. Moja au mbili, amekufa. Tatu au nne, amejeruhiwa, anakosa mchezo unaofuata. Tano au sita, alijilaza tu mtaroni au alipotezana na wenzake, anarudi. Kwa hiyo waliopigwa kumi na wawili ni wafu kama wanne, si kumi na wawili. Pili, aliyebaki na uwanja anaongezewa moja kwenye dadu za majeruhi wake, kwa sababu wabeba machela wake wanafika. Tatu, na hii ndiyo inayookoa kampeni, platuni ni moja kati ya tatu za kombania. Ikichakaa unaiomba kombania iitoe mstari wa mbele na kukuletea nyingine, lakini unalipa zamu moja ya kampeni, na zamu zina kikomo. Anayeshambulia akichelewa sana, aliyejilinda ameshinda hata kama amebakiwa na nusu ya watu.

Hapo pungufu hana haja ya kukimbia kampeni. Ana kazi mpya: kuchelewesha.

Na kuna uamuzi mdogo ninaoupenda kuliko yote. Seksheni ya watu kumi imebaki sita. Bren inataka wawili, mpigaji na wa kubeba risasi. Unabaki na wanne wa bunduki, koplo akiwemo, na hao ndio wa kuingia nyumba. Unaiacha Bren nzima na kuingia nyumba na watu wanne, au unamchomoa mbeba risasi na kukubali rashasha ipige kwa kusuasua? Mchezaji wa ufufuo hajawahi kukaa akalitazama hilo swali.

Mchangiaji wa 3

Jamani, mnabishania kanuni huku mkiruka jambo kubwa zaidi. Nimeona mtu ameandika kwa wino jina chini ya kitako cha kila kinyago. Koplo fulani, miaka 22, fundi seremala. Akipigwa wanacheka na kumwombolezea kwa mzaha. Mnaita hiyo heshima? Mimi nadhani platuni ya kudumu inafanya kifo kiwe hadithi tamu, na hilo ni baya kuliko ufufuo. Anayeweka vinyago kwenye kasha kama vipande vya bao angalau hajidanganyi.

Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kanuni zake za vita vya wanasesere mwaka 1913, mizinga ya kuchezea ikirusha vijiti vya mbao, na akasema wazi kwamba ukicheza utaona vita vya kweli vilivyo ujinga. Mwaka uliofuata Ulaya iliingia vitani. Msidai makubwa kwa mchezo.

Mchangiaji wa 4

Dada au kaka hapo juu, nusu nipo nawe. Majina ya kutunga sawa. Kunakili majina ya marehemu wa kweli kutoka orodha za vikosi, hapana, wale wana wajukuu.

Ila kuhusu madai makubwa: mwaka 2011, kwenye mkutano wa kimataifa wa Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, lilijadiliwa suala la michezo ya kivita ya video na sheria za vita. Baadaye Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilieleza kwamba haitaki kuipiga marufuku. Inataka mchezaji akivunja sheria aone matokeo. Kwenye meza ya mara moja, anayejisalimisha anaondolewa tu kama aliyekufa. Kwenye kampeni mateka anahitaji watu wa kumsindikiza nyuma, na hao wawili unawakosa mbele. Hilo ndilo tokeo, na halina hotuba.

Mchangiaji wa 1

Sawa, kanuni ya kubadilisha platuni sikuwahi kuijaribu, nitaitia kwenye kampeni yetu ijayo. Ile ya kuongeza moja kwenye dadu siitaki, inamnenepesha aliyeshinda, na hapo ndipo tulipoanzia. Mpe aliyejiondoa mwenyewe kwa mpangilio nafuu hiyohiyo, maana naye amebeba majeruhi wake. Na luteni akifa je? Anarushiwa dadu kama wengine?

Mtoa mada

Kwa mpangilio, nakubali, iingie. Luteni anarushiwa kama wengine. Akifa, sajini anashika platuni mchezo unaofuata, na amri anazotoa kwa zamu zinapungua moja. Mchezo wa tatu analetwa luteni mpya, na kwenye mchezo wake wa kwanza seksheni zinamsikiliza sajini.