Mtoto na mbwa wote wanatoka uchafu sikioni, naweza kutumia dawa moja?

Mama_Kihonda:
Wakuu habari za saa hizi. Nina mtoto wa miaka 4, sikio la kulia linatoka usaha tangu mwezi uliopita, haumwi sana ila linanuka na ukimwita upande ule hageuki. Kamaliza amoksilini ya maji, duka la dawa wakanipa matone ya kloramfenikoli, linakauka kidogo afu linarudi. Sasa na mbwa wetu kaanza kutikisa kichwa muda wote, anajikuna mpaka damu, ndani kuna uchafu wa kahawia. Daktari wa mifugo kampa matone na naona yanamsaidia haraka. Je mtoto kaambukizwa na mbwa? Na hayo matone yameandikwa jentamaisini, naweza kumdondoshea mtoto? Naogopa asije akawa kiziwi.

Mzee wa Maabara:
Pole sana mama. Tafadhali usimwekee hayo matone ya mbwa. Sikio linalotoa usaha zaidi ya wiki 2 mara nyingi ngoma yake imetoboka, na jentamaisini ikipita kwenye hilo tundu inaweza kufika sikio la ndani ikaua seli za kusikia, na zile zikifa haziotei tena.

Usaha wa muda mrefu hivyo tukiuotesha maabara, yaani kuuweka kwenye sahani yenye chakula cha vijidudu ili waote, tunakutana sana na bakteria kama Pseudomonas aeruginosa, Staphylococcus aureus na Proteus. Pseudomonas unaweza kumhisi mapema, asubuhi sahani imegeuka kijani na harufu tamu kama zabibu. Huyo amoksilini haimfanyi kitu, kloramfenikoli nayo hivyohivyo, ndivyo alivyoumbwa, hata umpe chupa ngapi. Matone ya siprofloksasini mara nyingi yanamuweza lakini usugu (vijidudu kutouawa tena na dawa) nao upo, ndo maana nakwambia omba usaha uchukuliwe uoteshwe. Tunaweka vikaratasi vyenye dawa tofauti juu ya sahani, kesho yake tunapima kwa milimita duara ambalo vijidudu wameshindwa kuota, daktari anajua dawa gani inafanya kazi. Majibu ni siku 2 hadi 3 hivi.

Daktari wa Mifugo Moro:
Naongezea upande wa mbwa. Tundu la sikio lake linashuka chini kwanza ndo linakata kona, kwa hiyo uchafu na unyevu vinakwama. Humo tunamkuta zaidi bakteria Staphylococcus pseudintermedius pamoja na fangasi anaitwa Malassezia, na uchafu wa kahawia mara nyingi ni huyo fangasi au utitiri, ambao antibayotiki peke yake haiwagusi. Matone mengi ya mbwa yana antibayotiki, dawa ya fangasi na steroidi (ya kupunguza uvimbe na muwasho) kwa pamoja, ndo maana unaona anapata nafuu haraka. Maliza dozi hata akiacha kutikisa kichwa, na mrudishe tumwangalie maana nyuma yake mara nyingi kuna aleji.

Kuambukizana inaweza kutokea ila ni nadra, ya watoto kwa kawaida huanzia mafua, vijidudu wanapanda kutoka puani. Nawa mikono tu ukimaliza kumsafisha mbwa.

Baba Wawili:
Wa kwangu alikuwa nayo hiyo. Nesi alinifundisha kusokota kitambaa safi kinachonyonya, unaingiza taratibu, unatoa kikilowa, unaweka kingine mpaka kitoke kikavu, angalau mara 3 kwa siku, ndo unadondosha dawa. Bila kukausha dawa inaelea juu ya usaha. Vijiti vya pamba hapana, mafuta hapana, na maji yasiingie wakati wa kuoga. Akivimba nyuma ya sikio, akipata homa kali au uso ukipinda upande mmoja nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mama_Kihonda:
Asanteni sana jamani, kesho nampeleka. Ila kloramfenikoli nilimwekea leo asubuhi, hicho kipimo kitatoa majibu kweli?

Mzee wa Maabara:
Usimwekee tena mpaka aonwe. Dawa iliyomo sikioni inaweza kufanya vijidudu wasiote hata kama wapo, kwa hiyo nenda na chupa na uwaambie saa uliyomdondoshea mara ya mwisho. Na uwaombe wampime usikivu, hilo la kutogeuka akiitwa usiliache.