Mrejesho: Kubishana na mtu anayerukaruka hoja

Wakuu, niliuliza namna ya kujadiliana mtandaoni na mtu nisiyemjua anayebadilisha hoja kila akijibiwa. Asanteni sana, ushauri umefanya kazi, hasa ule wa kunukuu. Nakili sentensi yake moja, neno kwa neno, kisha jibu hiyo hiyo tu. Ukijibu hoja tano kwa mpigo, atadaka iliyo dhaifu na nne zilizobaki zitazikwa. Kabla ya kuleta ushahidi muulize: "Ukionyeshwa nini utakubali kwamba umekosea?" Akikwepa mara mbili, ondoka, hapo hakuna mjadala. Na jamani, badala ya "wewe huelewi" andikeni "sentensi hii haithibitishi hilo". Mtu akiguswa utu wake huiacha hoja, anaanza kujitetea.