MJADALA: Mkandarasi anayelipwa na serikali aruhusiwe kuchangia kampeni ya urais?

Mwana Uyole:
Wakuu, heshima kwenu. Kamwene kwa ndugu zangu wa Iringa na Njombe.

Mwezi huu wa Agosti 2025 CCM wamefanya harambee pale Mlimani City, lengo bilioni 100, na zikapatikana zaidi ya bilioni 80. Sina ugomvi na chama kuchangisha, kampeni ni gharama. Swali langu ni hili: mtu ana kampuni inayojenga barabara za serikali, kisha anamchangia mgombea urais wa chama chochote. Huyo mgombea akishinda ndiye anayeteua waziri wa ujenzi na katibu mkuu wake. Mkandarasi mwenzake ambaye hakutoa kitu ataingia kwenye zabuni ijayo akiwa na imani gani?

Marekani walizuia tangu 1940: kampuni yenye mkataba na serikali kuu hairuhusiwi kuchangia kampeni za urais wala za Bunge. Sisi tuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Inakitaka chama kimtajie Msajili wa Vyama vya Siasa michango mikubwa, lakini sijaona humo kifungu kinachomgusa mtu kwa sababu tu ana mkataba na serikali. Natoa hoja: azuiwe, yeye na kampuni yake.

Kihesa Juu:
Mkuu, Marekani gani unayoitolea mfano? Ni hiyo hiyo ambayo Elon Musk alitoa zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Trump mwaka 2024, huku kampuni yake ya roketi, SpaceX, ikilipwa na NASA na jeshi? Wamezuia nini hapo? Tuacheni kuabudu vya wenzetu.

Wakili wa Forest:
Kihesa, Musk hakuvunja hiyo sheria. Yenyewe inaishika kampuni iliyosaini mkataba, haimshiki mwenye hisa akitoa za mfukoni mwake. Na tangu maamuzi ya mahakama zao ya 2010, kamati zisizo chini ya mgombea zinapokea kiasi chochote. Hapo ndipo tundu lilipo.

Ila kampuni zenyewe zinakamatwa. Kuna kampuni ya ujenzi ya Boston, Suffolk, ilitoa dola 200,000 kwa kamati iliyokuwa ikimuunga mkono Hillary Clinton. Ikapigwa faini ya dola 34,000 mwaka 2017. Kwa hiyo Mwana Uyole yuko sawa akisema "yeye na kampuni yake". Ukiishika kampuni ukamwacha mwenyewe, umefunga mlango wa mbele tu.

Kihesa Juu:
Laki mbili za dola, faini elfu 34. Hata mimi ningetoa.

Mzee wa Makambako:
Vijana mnakwenda mbali mno. Mmesahau EPA, ile akaunti ya madeni ya nje? Bilioni 133 zilichotwa Benki Kuu, kampuni 22, Kagoda peke yake ikachukua kama bilioni 40. Na ilikuwa majira ya uchaguzi wa 2005. Wapinzani walisema zimeingia kwenye kampeni za CCM, chama kikakana. Gavana Ballali akaondolewa Januari 2008. Mwezi uliofuata Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu kwa Richmond, nayo ilikuwa zabuni ya umeme wa dharura. Kikwete alisaini hiyo sheria ya gharama za uchaguzi baada ya moto huo kuwaka, haikushuka kutoka mbinguni.

Nami naunga mkono wazuiwe wote. Hasa hawa wakandarasi wetu wa huku, wa mfukoni: ana mkoba, muhuri na picha ya kiongozi ofisini. Barabara ikinyeshewa mara mbili inageuka matuta ya viazi.

Greda la Njombe:
Mzee shikamoo. Nilikuwa nasoma kimya kimya, lakini hilo la "wa mfukoni" siwezi kuliacha lipite.

Mimi ni mkandarasi, nimesajiliwa CRB, bodi ya makandarasi, madaraja ya chini. Nina greda moja, mashine ya kushindilia nakodi. Unajua kazi ya changarawe kule juu Makete inavyokwenda? Kifusi kinatoka mbali, lori linapanda kwa gia ya kwanza, dizeli unanunua kwa fedha taslimu. Mvua ya Januari ikikukuta umemwaga kifusi hujakishindilia, unakusanya tope na kuanza upya kwa hela yako. Kisha unapeleka hati ya malipo. Inakaa. Unaambiwa fedha haijashuka kutoka Hazina. Benki haisubiri Hazina, na vibarua wanakuja getini Jumamosi.

Leo mnasema mimi ndiye ninayenunua urais? Mimi?

Mzee wa Makambako:
Marahaba mwanangu. Sikukutaja wewe. Lakini hiyo barabara ya kwetu aliyejenga ni nani? Kalvati limekaa juu ya maji, maji yanapita pembeni. Nimekwenda kusimama hapo mwenyewe na fimbo yangu.

Greda la Njombe:
Si mimi. Na kalvati huchorwa na mhandisi, mkandarasi anajenga kilichochorwa.

Kihesa Juu:
Mzee umenikumbusha. Kama michango inaleta barabara, basi watu wa Mbeya wamechanga sana. Njia nne Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29! Sisi Iringa hadi Msembe, kilomita 104, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha inayoingiza dola, tumeahidiwa kampeni baada ya kampeni.

Dada wa Mafiati:
Kaka Kihesa, hebu koma. Tumechanga nini? Njoo Mafiati saa kumi na mbili jioni uone hiyo "neema". Malori ya Tunduma, bajaji, daladala na wagonjwa wote kwenye mkondo mmoja. Mimi nauza nguo kando ya hapo, nikipanga meza asubuhi, mchana blauzi nyeupe ni ya udongo na mteja anataka nimpunguzie bei. Njia nne tunaililia kwa sababu watu wanakufa kwenye ule mteremko wa Iwambi.

Kihesa Juu:
Na kwetu mlima Kitonga hawafi? Lori likiharibika pale katikati, nchi nzima inasimama, hadi mizigo ya Zambia.

Mlima Ludewa:
Sisi Lusitu hadi Mawengi tumepata zege kilomita 50, na hatujamchangia mtu. Milima ile lami ingeteleza tu.

Dada wa Mafiati:
Mtoto wa Ludewa usituringishie, tuelezeni kwanza kwa nini yenu ni zege na yetu ni vumbi.

Mwana Uyole:
Ndugu zangu, turudini. Tunapimana nani kapata kilomita ngapi kana kwamba barabara ni zawadi ya mgombea. Hizo ni kodi zetu na mikopo tutakayolipa. Na fikra hiyo ndiyo inayompa mkandarasi sababu ya kutoa: anaamini kazi inagawiwa na mtu, haishindaniwi.

Najua mtasema siku hizi zabuni zinapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi, kila kitu kwenye mtandao. Ni hatua kubwa. Lakini mfumo haumwambii mtu yeyote kwamba mshindi wa zabuni hii alitoa kiasi gani kwenye kampeni ile. Daftari la zabuni liko upande mmoja, taarifa ya michango iko kwa Msajili. Ziwekwe pamoja, mwananchi wa Mbalizi azisome kwenye simu yake. Hilo ni dogo kabisa, hata bila kumkataza mtu.

Wakili wa Forest:
Dogo kwako. Mtaje aliyekichangia chama tawala na hana shida. Mtaje aliyekichangia upinzani uone kama atapata kazi tena wilayani. Uwazi wa namna hiyo utamkomoa mnyonge. Mimi ndiyo maana nataka katazo kamili, asiwepo wa kutajwa.

Mwana Uyole:
Hapo umesema kitu. Katazo kwanza, basi. Lakini nani atalisimamia kama hakuna anayejua nani katoa?

Mzee wa Makambako:
TAKUKURU wapo.

Kihesa Juu:
Mzee, mwaka 2006 mahakama ndiyo iliyofuta takrima, ile ruhusa ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, baada ya wanaharakati kwenda kushitaki. TAKUKURU walikuwa wapi?

Wakili wa Forest:
Greda, nikuulize kwa heshima, na usijibu kama hutaki. Umesema huna nguvu ya kununua urais, nakubali. Sasa mtu unayemtegemea kwa hati zako akikuletea kadi ya mchango wa kampeni, utamwambia hapana?

Greda la Njombe:
Najibu, wakili, kwa sababu umeuliza kwa heshima.

Kadi zinakuja. Hakuna anayesema toa ama utakosa kazi. Anakuja mtu mnayefahamiana, anasalimia, anauliza watoto, anaiacha mezani. Jina lako limeshaandikwa kwa mkono, na kiasi kimeachwa wazi. Wewe ndiye unayekaa usiku unajaza kiasi. Ukiweka kidogo unaona aibu, ukiweka kingi hujui utalipaje dizeli. Nilijaza nikapeleka. Nina vijana wanaonitegemea.

Ndiyo maana nilikasirika. Mnatuzungumzia kama wanunuzi, wakati wengi wetu tunalipa ili tusisahaulike. Sheria ikisema mkandarasi wa serikali haruhusiwi kutoa hata shilingi, mimi wa kwanza kuifurahia. Nitamwonyesha hicho kifungu, anywe chai, aondoke.

Dada wa Mafiati:
Pole kaka. Mimi sokoni tunaletewa kadi za hivyo hivyo na hatuna mkataba na serikali. Mtuwekee na sisi kwenye hiyo sheria.

Mwana Uyole:
Greda, ahsante sana. Naomba ruhusa nichukue maneno yako, bila jina, niyaweke kwenye barua ninayotaka wote tuitie sahihi kwenda kwa wagombea ubunge wa mikoa yetu. Waulizwe kabla ya siku ya kura, Oktoba 29, kama watapeleka muswada au la.

Greda la Njombe:
Chukua. Toa tu lile la greda moja, huku tunajuana.

Kihesa Juu:
Nasaini. Na Msembe iwekwe humo.

Dada wa Mafiati:
Kaka Kihesa!