Kwadi ya cc 250 au 700 kwa njia za porini: mashine kubwa inaziba pengo la dereva?

KorongoLaSelela (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Nina hela ya kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) moja tu na zimebaki mbili za kuchagua, zote mtumba, zote nimeshazikagua. Ya kwanza ni Honda Recon, kwa jina ni 250 ila injini yenyewe ni cc 229, gia tano za kukanyaga, klachi inajiendesha yenyewe, na inavuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Ya pili ni Yamaha Grizzly 700, nguvu ya injini inapitia kwenye belti, magurudumu yote manne yanavuta, usukani unasaidiwa na umeme. Bei yake ni karibu mara mbili ya Recon.

Njia zetu ni Mto wa Mbu, Selela, Engaruka, na mara mojamoja tunafika Ziwa Natron. Waliopita huko wanajua: vumbi la majivu laini kama unga, mbele mawe meusi, halafu makorongo yanayokatika ghafla. Wiki tatu zilizopita nilikuwa na 250 ya kuazima. Korongo moja baada ya Selela nililipanda mara nne, na mara zote nne niliishia katikati, magurudumu ya nyuma yanachimba tu. Mwenzangu mwenye 700 alipita mara moja bila hata kunyanyuka kwenye kiti. Nikajiambia basi, tatizo ni mashine.

Kisha mzee mmoja tuliyekuwa naye akaichukua 250 ile ile, akashuka nayo chini, akapanda kwa jaribio la kwanza. Tangu siku hiyo kichwa changu hakijatulia. Ninunue ukubwa, au ninunue ndogo nijifunze? Naomba wenye uzoefu mniambie ukweli.

Simba_wa_Lami (Dar es Salaam)

Mkuu chukua 700 ufunge mjadala. Ndogo utaiuza ndani ya miezi sita. Nguvu ya ziada haijawahi kumdhuru mtu.

MamaMitiki (Njombe)

Kaka Simba, samahani, hilo la mwisho naomba ulifute.

Mimi nina shamba la miti. Huku mvua ikinyesha udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Kijana wangu wa kazi aliendesha 250 miaka miwili, mwepesi, mwangalifu, sikuwahi kumwonya. Tulipopata kubwa ya kuvuta magogo nikampa yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa bora. Wiki ya kwanza tu alikatiza mteremko kwa ubavu, mahali alipokuwa anapita kila siku na ile ndogo. Ikateleza, magurudumu ya chini yakagonga kisiki, ikamlalia pajani. Zaidi ya kilo 300. Tulikuwa wanne kuinyanyua, na mmoja wa hao wanne alikuwa mimi. Mguu ulivunjika mahali pawili. Leo anatembea, ila kazi ya kusimama kutwa haiwezi tena.

Ile ndogo ilishamwangusha mara mbili kabla ya hapo. Mara zote aliisukuma mwenyewe akainuka, akaja kunisimulia huku anajipangusa matope.

Australia wamefika mbali kwenye jambo hili. Tangu Oktoba 2021 kwadi mpya ya kazi haiuzwi kule bila kinga ya kumlinda dereva mashine inapopinduka, na kampuni kadhaa kubwa zikaamua kuacha kabisa kuuza kwadi huko. Mdogo wangu, kabla ya kuuliza cc uliza kilo.

Mjinja (Jinja, Uganda)

Mama, pole sana kwa kijana. Umesema jambo lenyewe.

Naongoza wageni kwenye vijia vya kando ya Nile mwaka wa tisa sasa. Kila siku napokea watu ambao hawajawahi kugusa kwadi, kwa hiyo @KorongoLaSelela naweza kukisia mzee alifanya nini ambacho wewe hukufanya.

Kwanza, nadhani ulikuwa umekaa. Kwadi ya namna hiyo ina ekseli moja ya nyuma iliyonyooka, haina difu, magurudumu yote mawili ya nyuma yanazunguka kwa mwendo mmoja. Kwenye kona haitaki kugeuka mpaka gurudumu la ndani lipunguziwe uzito lipate kuteleza kidogo. Kwenye mpando, ukikaa nyuma, pua inakuwa nyepesi na unaogopa. Ukiegemea mbele kupita kiasi, nyuma inakosa mshiko na inachimba. Mahali sahihi pako katikati, na panahama kila sekunde. Ndiyo maana tunasimama kwenye vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo, viwiko vimefunguka nje. Mwili wako ndio difu ya mashine ndogo.

Pili, gia. Mzee alishuka nayo mpaka chini, sivyo? Alitaka nafasi ya kuchukua mwendo na kuchagua gia kabla ya mpando. Nina hakika wewe ulibadilisha gia katikati. Ukibadilisha hapo mvuto unakatika, kasi inakufa, unavuta mafuta kwa hasira, na tairi linaanza kuchimba kaburi. Kidole gumba, ndicho kinachobonyeza mafuta, kinatakiwa kitulie. Ukisikia nyuma inachimba, legeza nusu, usiongeze.

Tatu, upepo wa matairi ulipima? Tairi la kwadi linatembea na upepo mdogo sana, psi (kipimo cha upepo) 3 hadi 6 hivi kutegemea mashine. Watu wetu wanajaza kama la bodaboda, linakuwa gumu kama mpira wa miguu na linadunda juu ya jiwe badala ya kulikumbatia.

Na hili ni la usalama, lishike hata ukinunua kubwa: ikizimika kwenye mpando na kuanza kurudi nyuma, usiminye breki ya nyuma kwa nguvu, itakugeuza kichwa chini. Uzito wako uelekee juu ya mlima, shika breki ya mbele taratibu mpaka isimame, ndipo uifunge ya nyuma. Teremka upande wa juu, kamwe usiteremke upande wa chini. Wageni wangu tunarudia hilo mara kumi kwenye uwanja wa nyasi kabla sijawatoa getini.

Bidiyah_Bara (Muscat)

Wote mnasema kweli ya udongo. Mimi niseme ya mchanga.

Kwetu Ijumaa tunatoka Muscat mpaka Bidiyah, tunaingia mchanga wa jangwa la Sharqiya. Pale 250 ya kazi yenye matairi ya kawaida itakuchosha hata uwe bingwa. Tuta linataka kasi, na kasi inataka nguvu, maana mchanga unakula nguvu kila mita unayopanda. Nimewaona vijana wenye ustadi mkubwa wanaishia theluthi mbili ya tuta, wanageuza, wanarudi kujaribu tena, mpaka injini inachemka.

Lakini angalia, magurudumu manne yanayovuta si sharti. Marcos Patronelli wa Argentina alishinda mbio ndefu za Dakar kwa upande wa kwadi mwaka 2010, 2013 na 2016, na mashine yake ilikuwa Yamaha Raptor 700, ambayo inavuta nyuma tu. Huku wengi tunaitumia hiyo hiyo, nyuma tunafunga tairi zenye makasia, yaani mapezi ya kupiga mchanga.

Kwa hiyo swali lako linategemea ardhi. Majivu ya Natron mimi nayahesabu kama mchanga. Chukua 700.

Mjinja

Kaka Bidiyah, hapo umenipa hoja bila kukusudia. Raptor ina kilo ngapi? Ikiwa na mafuta yake ni kama 190. Recon anayoitaka huyu ndugu ni kama 200. Grizzly ni 314. Raptor na Grizzly zote tunaziita 700, na ni wanyama wawili tofauti kabisa. Patronelli alikuwa anacheza na kilo 190 kwa mwili wake. Grizzly huichezei kwa mwili, unaiongoza tu, na siku ikiamua kwenda kwake utaifuata.

Bidiyah_Bara

Hilo nalikubali. Sikulitazama kwa kilo.

FundiUngaLtd (Arusha)

Naongea kama fundi, nguvu na ustadi nawaachia wenyewe.

Recon ina gia na shafti, haina mnyororo wala belti. Nimefungua kadhaa, ukibadilisha oili kwa wakati, injini hiyo ni ya kurithisha. Grizzly ni mashine nzuri, simkatazi mtu, ila ina belti. Ukipanda korongo polepole kwa mzigo na gia ya juu badala ya ile ya chini kabisa, belti inapata moto, inang'aa kama kioo, inaanza kuteleza. Ukivuka maji yakaingia kwenye boksi la belti, unasimama hapo hapo mpaka uyatoe. Spea ya belti usiitafute siku imekatika Engaruka, tembea nayo. Kuna difu ya mbele, kuna buti za shafti (mipira inayofunika viungo vyake) nne mbele na nne nyuma, mwiba wa mgunga unazitoboa, grisi inatoka, vumbi linaingia. Kila buti iliyotoboka ni safari ya kuja kwangu.

Kitu kimoja ambacho Recon haina na ustadi hautakupa: nafasi ya chini. Tumbo lake liko kama sentimita 15 kutoka ardhini. Grizzly ni karibu 30. Jiwe la sentimita 25 halijali umesimama au umekaa.

Wasatch_Mukongomani (Salt Lake City)

Jambo wandugu. Kwa upande wa nguvu naongeza jambo moja tu, mwinuko. Huku Utah tuna njia inaitwa Paiute, mzunguko wake ni zaidi ya kilomita 400, na inapanda mpaka juu ya mita 3,000. Injini isiyo na tabo inapoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda. Kule juu 250 inabaki na kama saba ya kumi ya nguvu yake, na utaisikia inalia. Natron kuko chini, hamtalisikia sana. Mkianza kupanda milima ya Monduli au nyanda za Ngorongoro, mtalisikia.

Mimi nina kubwa, na sijuti. Ila nilikaa miaka mitatu na ndogo kwanza, na kila ninachokifanya vizuri leo nilijifunza kwenye ile ndogo, kwa sababu haikunifichia kosa hata moja. Kubwa inakuvusha na makosa yako, mpaka unafika mahali ambapo makosa yamekuwa makubwa kuliko mashine.

Na tafadhali, atakayenunua kubwa asimwachie mtoto. Huku kwa miaka mingi ushauri wa usalama umekuwa kwamba aliye chini ya miaka 16 asipewe zaidi ya cc 90. Mwanangu ana 14, analia kila Jumamosi, na simpi.

Simba_wa_Lami

Nimesoma yote. @MamaMitiki, nimelifuta lile neno langu moyoni, nilisema kwa wepesi. Sijawahi kuendesha nje ya lami na ufukwe.

MamaMitiki

Asante mwanangu. Karibu Njombe, tutakupandisha taratibu.

KorongoLaSelela

Wakuu, nimerudi. Nimetoka Selela jana usiku, nina vumbi mpaka kwenye meno, ila nimeona niandike kabla sijasahau.

Nilimwomba mwenye 250 aniazime tena, na rafiki yangu akaja na Grizzly yake. Kitu cha kwanza, kama alivyosema Mjinja, nikapima upepo. Matairi ya nyuma yalikuwa na psi 12! Mwenyewe alijaza kwenye kituo cha mafuta. Nikashusha mpaka 3. Ukibonyeza kwa kidole unaona tairi linaingia ndani, nikaogopa kwamba litatoka kwenye rimu. Halikutoka.

Jaribio la kwanza nilisimama, gia ya pili tangu chini, lakini katikati niliingiwa na hofu nikakaa, na ikachimba pale pale. Nikaiacha isimame kwa breki ya mbele, nikateremka upande wa juu, nikaigeuza. Mikono ilikuwa inatetemeka. Jaribio la pili nilichagua jiwe moja jeupe lililoko ukingoni juu, nikalitazama hilo tu. Nyuma ilipoanza kulia nililegeza kidole kidogo, nikasikia tairi linashika tena, kama mtu anayepata mahali pa kukanyaga kwenye ngazi. Nikatokea juu. Nilizima injini nikakaa kimya pale muda mrefu.

Kisha nikapanda Grizzly. Korongo hilo hilo, nimekaa, sikufanya chochote, nikafika. Ni kweli inavusha. Lakini wakati wa kushuka, kwenye kona ile yenye kokoto, niliegemea kwa mwili wangu wote wa kilo 68 na haikujali. Iliendelea kwenda ilikokuwa inakwenda, karibu mita moja zaidi ya nilivyotaka, na pembeni pale kuna shimo. Nikakumbuka kijana wa Mama.

Mbele zaidi kuna ngazi ya mawe meusi, na hapo Fundi alisema kweli. 250 ilipiga tumbo mara tatu, nikasikia chuma kinakwaruza, nikarudi nikazunguka. Grizzly ilipita. Mzee naye alikuwepo, nikamuuliza kama yeye angepita pale na ndogo. Akasema hapana, pale huwa anazunguka tangu zamani.

Nimelipia Recon leo asubuhi. Hela iliyobaki nimenunua helmeti ya maana, buti zinazopanda juu ya kifundo, na kipimo cha upepo kinachosoma namba ndogo. @FundiUngaLtd, naomba uniandalie bamba la chuma la tumboni, nakuletea mashine Jumatatu uipime.

FundiUngaLtd

Njoo saa mbili asubuhi, kabla foleni ya bodaboda haijaanza. Na usiioshe, nataka nione kama na hii imeshakwaruzwa tumboni.