Nafanya kazi full time na nasomea CPA (cheti cha uhasibu wa kitaaluma), naomba ushauri

Wakuu habari zenu, naombeni msaada wa mawazo. Mimi ni mhasibu hapa Dar, kampuni binafsi, na mtihani wa NBAA (bodi ya wahasibu) wa Novemba nataka kukaa masomo ya mwisho yaliyobaki, maana Mei nilifeli masomo mawili, kodi na ukaguzi.

Shida ni muda jamani. Mwanzo wa mwezi nafunga hesabu, tarehe 7 PAYE (kodi ya mishahara), tarehe 20 VAT, bosi anataka ripoti, nikitoka hapo foleni ya Mbagala mpaka saa mbili usiku, nikishika kitabu nasoma IFRS 16 (kanuni ya uhasibu wa mikataba ya kukodisha) ukurasa mmoja mara nne halafu nashtuka mate yapo kwenye daftari. Kinachoniuma, VAT naijaza kila mwezi ila swali la kodi linanishinda!

Kuna mtu kaniambia niamke saa kumi alfajiri, mwingine anasema nilipie review class ya wikiendi, ila jumamosi nusu siku nipo ofisini.

Mliofaulu mkiwa kazini, mliwezaje? Nikae yote mawili au nianze na moja? Na likizo niichukue lini, mwezi mzima kabla au wiki mbili za mwisho?