Spendthrift ni mweka akiba au mfujaji?

Msomi wa Kondele: Hamjambo? Natayarisha watahiniwa wa kidato cha nne hapa Kisumu kwa mtihani wa Kiingereza. Wakiona spendthrift wanadhani ni mtu mwangalifu wa pesa, kwa sababu ya thrift iliyo ndani yake. Prodigal nayo wanasema ni "aliyepotea". Niwafundishe vipi?

Kalamu ya Nakuru: Spendthrift ni mfujaji, mtu wa ponda mali kufa kwaja. Zamani thrift ilimaanisha mali au ustawi, na ina undugu na kitenzi thrive. Kwa hiyo huyu ni mtu anayeitumia mali yake ikaisha. Mwangalifu ni thrifty. Waandikie yote mawili ubaoni kwa pamoja, usiyatenganishe.

Mwalimu, Kakamega: Hiyo ya prodigal chanzo chake ni Luka 15. Kwa Kiswahili tumezoea "mwana mpotevu", basi mwanafunzi anaamini prodigal ni kupotea, au hata kurudi nyumbani. Neno limetoka kwa Kilatini, prodigus, yaani mbadhirifu. Wasomeshe mstari wa 13, pale kijana anapotapanya mali yake, kisha waulize aliufanyia nini urithi. Wasikuambie alienda wapi.

Lakini mwalimu mwenzangu, kazi kubwa iko kwenye squander, yaani kufuja, maana hapo ndipo alama hupotea katika kujaza mapengo. Kitenzi, kisha kitu kinachofujwa, kisha on: "He squandered his cane money on drinks." Wanafunzi huandika for, kwa kuwa Kiswahili kina "kwa" ya kila kazi. Baada ya on, kitenzi hubeba -ing: "on betting", kamwe si "on bet". Na "He is a squander" ni kosa. Mtu ni squanderer.

Msomi wa Kondele: Asante sana, mwalimu. Na splurge ni sawa na squander?

Kalamu ya Nakuru: La. Splurge ni kujitanua kwa mara moja, na mara nyingi haina lawama: "She splurged on a dress for the wedding." Squander inalaumu daima, tena si pesa tu. Muda hufujwa, nafasi hufujwa, na timu iliyoongoza kwa mabao mawili ikaishia kufungwa "squandered a two-goal lead".

Mwalimu, Kakamega: Niongeze matamshi, kwa ajili ya karatasi ya kwanza: ni "skwonda", si "skwanda". Na katika tahajia, u isiachwe baada ya q.