Dunia ikiisha, ubaki na kamera gani ya mkanda? Mimi FM2, nibishieni

Mkanda36 (mleta mada)

Wakuu, salaam. Tuchukulie umeme umekatika moja kwa moja. Hakuna simu, hakuna betri dukani, mafundi wametawanyika kila mmoja kwao. Unaruhusiwa kubaki na kamera moja, ya mkanda. Unachukua ipi?

Mimi Nikon FM2, iliyotoka 1982. Shata yake, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, ni ya chuma, inaendeshwa na springi na gia tupu mpaka spidi ya 1/4000 ya sekunde. Betri zake ndogo mbili ni za mita ya mwanga tu. Zikifa, spidi zote zinaendelea kufanya kazi. Wenye Canon AE-1 kaeni pembeni kwanza. Kamera nzuri, imeuzika sana tangu 1976, lakini betri ikiisha shata haifunguki. Leica naiheshimu, ila pazia la shata yake ni la kitambaa. Ukiiacha lenzi imeelekea jua, fokasi ikiwa mbali, jua linakusanywa pale ndani na kutoboa pazia. Kwa jua letu hili? Hapana.

Mita yenyewe wala siihitaji. Mkanda wa ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa mkanda kushika mwanga), jua la wazi, tundu la lenzi f/16, spidi 1/125, piga. Nawasilisha.

Kobe wa Tanga

Mkuu, hapo umechemka. FM2 ikigoma siku hiyo nani ataifungua? Mimi nachukua Zenit-E ya Mrusi. Nzito, haina sura, ina spidi tano tu kuanzia 1/30 hadi 1/500, na ndiyo maana naitaka: hakuna kitu kingi ndani cha kuharibika. Mita yake ni ya seleniamu, haijawahi kujua betri ni nini. Lenzi inafungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, saizi ya M42, kwa hiyo lenzi za Praktica na za Pentax za zamani nazo zinaingia. Duniani zimejaa. Nitaokota vipuri njiani.

Mkanda36

Seleniamu nayo huchoka, Kobe. Zenit nyingi leo mita zake zinadanganya mchana kweupe. Na pazia? Kitambaa vilevile. Umenikwepa hapo.

Upepo wa Kusi

Nyote mnaongea kama watu wa bara. Huku pwani adui si betri, ni kuvu. Lenzi ikikaa kabatini masika moja unakuta ndani imeota nyuzinyuzi. Mimi yoyote ile, mradi niweze kuitoa juani kila wiki.

Mama Studio

Wanangu, mnagombania sufuria na unga hamna.

Kamera inahitaji mkanda, mkanda unahitaji dawa. Kodachrome, mkanda wa rangi wa Kodak, haikufa kwa kukosa kamera. Kodak waliacha kuitengeneza 2009, na maabara ya mwisho duniani iliyokuwa ikiisafisha, yaani kuitoa picha kwa dawa, Dwayne's Photo kule Parsons, Kansas, ilifunga mlango huo mwisho wa 2010. Aliyekuwa na roli kabatini baada ya hapo alibaki na roli kabatini.

Kwa hiyo rangi sahauni, ni nyeusi na nyeupe. Mkanda wa ISO 400 nao msijaze sandukuni: mionzi ya asili huutia ukungu hata ukiwa kwenye friji, na kadiri mkanda ulivyo mwepesi kushika mwanga ndivyo unavyowahi kuharibika. Chukueni ya ISO 100 kushuka chini.

Dawa ya kusafishia inapikika nyumbani. Mwaka 1995 darasa moja la chuo cha Rochester, Marekani, lilionyesha kwamba kahawa inasafisha mkanda. Mapishi yanayotumika sana siku hizi, kwa lita moja ya maji: gramu 54 za soda ya kufulia, gramu 16 za vitamini C, gramu 40 za kahawa ya unga ya kuyeyuka. Dakika 15, maji yakiwa nyuzi 20. Na kahawa ya bei rahisi ndiyo bora, kwa sababu robusta ina zaidi ya ile asidi inayofanya kazi. Robusta iko Kagera, na Bukoba kuna kiwanda cha Africafe. Soda iko Ziwa Magadi na Ziwa Natron. Sisi tuna nusu ya maabara ardhini, halafu mnabishana pazia la chuma na la kitambaa.

Kobe wa Tanga

Shikamoo mama. Magadi haya haya ya kulainishia maharage?

Mama Studio

Marahaba. Hayo hayo, ila mabichi ni hafifu, yana bikaboneti ndani. Yakaange kwanza kwenye kikaango kikavu, moto mkali, mpaka yawe unga mkavu mweupe. Viwandani pia huunguzwa. Kisha pima, usikisie. Maji ya Dar ni ya moto, yatie mtungini usiku, la sivyo utando wa mkanda unalainika na kubanduka.

Shida iko kwenye kukazia picha, yaani kuizuia isiharibiwe na mwanga baada ya kusafishwa. Dawa yake, sodiamu thiosalfeti, hupiki jikoni. Maji ya chumvi yaliyokolea kabisa yanafanya, lakini polepole, siku nzima au zaidi. Wekeni akiba ya thiosalfeti kabla ya kununua lenzi ya pili.

Mkanda36

Mama, nimekusoma, na hoja yangu bado imesimama: unga ukipatikana, sufuria isiyotoboka ni FM2. Wewe unachukua ipi?

Mama Studio

Ya mbao, ya miguu mitatu, ya negativu za sentimita 13x18. Hukuuliza picha utazikuza na nini. Mashine ya kukuzia inataka taa. Negativu ya FM2 ni milimita 24 kwa 36, na bila umeme utalaza negativu juu ya karatasi na kupata picha ya saizi hiyo hiyo. Mjukuu wako ataitazama kwa miwani. Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, alipiga kwa 13x18 akalaza negativu moja kwa moja juu ya karatasi, na picha zake leo ziko kwenye majumba ya makumbusho. Na mkanda ukiisha, kwenye kamera ya mbao naweka karatasi ya picha badala yake. Karatasi naikata chini ya taa nyekundu ya kibatari.

Mkanda36

Jua litakuza. David Woodward wa Baltimore alisajili mashine ya kukuza picha kwa jua mwaka 1857, umeme wa majumbani haujafika popote. Kioo, lenzi, tundu ukutani. Na wewe na miguu yako mitatu, watu wakikimbia utampiga nani picha?

Mama Studio

Waliosimama. Na hiyo ya Woodward ilibidi igeuzwe kufuata jua muda wote. Utakuwa chumbani na karatasi, au nje na kioo?

Upepo wa Kusi

Kobe atashika kioo. Zenit yake haina kazi nyingine.